Mrejesho: Mng'ao wa tairi unaodumu

Wakuu, niliuliza kwa nini mng'ao wa tairi unaisha ndani ya siku mbili na dawa ya kung'arishia inarukia bodi ya gari. Tatizo lilikuwa usafi, dawa haikuwa na kosa.

Ubavu wa tairi hubeba dawa ya zamani, vumbi, na ile kinga ya mpira inayojitokeza juu yenyewe na kugeuka kahawia. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe. La kwanza hutoka kama chai ya maziwa. Acha tairi likauke kabisa, hata kwenye mikunjo ya maandishi, maana penye maji dawa haishiki.

Kisha dawa ya silikoni ya maji, ile nyeupe kama maziwa. Paka nyembamba kwa sponji, subiri dakika 15, futa ziada (ndiyo inayorukia madigadi), halafu mkono wa pili. Gari lisitembee kwa saa moja.

Kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara) usizipake dawa, zitateleza. Na dizeli au oili chafu acheni kabisa, wakuu: vinang'arisha leo, lakini vinapenya kwenye mpira, unavimba na kulegea.