Mikutano ya kuacha pombe Kisumu: nilifika mlangoni nikageuka

Fundi_Kibuye

Wakuu, leo ni siku ya 19 sijaonja kitu. Mimi nachomelea milango na mageti, jua kali upande wa Kibuye. Kilichoniamsha ni weldi. Mkono ukitulia, mstari unalala kama magamba ya samaki. Wangu ulikuwa unapinda kama njia ya panya mpaka nitoe loki asubuhi, yaani ninywe kidogo mkono utulie. Mteja mmoja alipapasa geti lake kwa kidole, hakusema neno, akavuka kwenda kwa fundi jirani.

Wiki jana nilielekezwa mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hapa mjini. Nikaoga, nikapanda boda. Kufika mlangoni, naona pikipiki nyekundu, na keria yake nimeichomelea mimi mwenyewe. Mwenye hiyo pikipiki ni jirani, tena mzee wa kanisa letu. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alipouliza nikamwambia mkutano umeahirishwa.

Sasa naomba kuuliza. Nikikutana na anayenijua nifanyeje? Lazima nisimame nihutubie? Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Na hii si kanisa la mlango wa nyuma? Maombi nimeombewa, mafuta nimepakwa, na Jumatatu nilikuwa kwa mama pima, muuza pombe.

Lanet_Juu

Ndugu yangu, huyo mzee wa kanisa alikuwa mle ndani akifanya nini? Hakwenda kuhesabu walevi. Akikuona, nawe umemwona, mmelingana. Mimi hapa Nakuru siku ya kwanza nilimkuta askari aliyewahi kunilaza seli. Tuliangaliana, tukacheka mpaka mwenyekiti akakohoa.

Hakuna daftari la majina. Unataja jina moja basi, na yanayosemwa mle yanabaki mle. Kuongea si lazima. Mikutano minne ya mwanzo nilikaa karibu na mlango, zamu ikinifikia nasema jina langu, halafu "napitisha". Kwetu lugha ni Kiswahili na kila kinachokuja mdomoni.

Kuhusu kanisa: vyumba vya kanisa hutumika sana kwa sababu vipo na ni nafuu. Walioanzisha AA mwaka 1935 huko Akron, Ohio, walikuwa mtu wa soko la hisa na daktari wa upasuaji, wote pombe imewamaliza. Mungu hutajwa, siwezi kukudanganya, lakini kila mtu anamchukua anavyomwelewa. Kikundini kwetu yuko Mwislamu, na yuko mmoja asiyeamini chochote ila Gor Mahia, na hata hiyo imani hutetereka. Ada hakuna. Kikapu kinapita, mwenye hamsini anatia, mgeni anakipisha tu.

Ukipiga simu kuulizia, uliza kama mkutano ni wa wazi au umefungwa. Wa wazi hata mkeo anaingia. Uliofungwa ni wetu sisi tunaotaka kuacha. Na piga siku hiyohiyo, maana vyumba huhama.

Kliniko_Vihiga

Fundi, kwa siku 19 wewe umeshavuka penye mamba. Nawaandikia wanaosoma hapa wakiwa siku ya kwanza. Kama umekuwa ukinywa kila siku na asubuhi huwezi bila loki, usikate ghafla ukiwa peke yako chumbani. Ndani ya siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na wasiokuwepo. Hiyo huua. Kimbieni hospitali, iwe Russia (ile ya rufaa ya Jaramogi, hapo Kisumu) au iliyo karibu nanyi, dawa za kuupoza mwili zipo. Kikundi kitakungoja.

Wasiojua pa kuanzia, pigeni 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure, usiku na mchana.

NyarAhero

Shemeji, mkeo alijua hukuingia. Sisi hujua. Wangu alikuwa na mikutano mingi sana iliyoahirishwa. Mwambie.

Na yeye pia ana pa kwenda. Al-Anon ni ya sisi tunaoishi na mnywaji, ipo tangu 1951. Mimi huku kwetu sikupata kikundi, naingia kwa Zoom watoto wakilala, naweka simu kwenye gunia la mchele.

Fundi_Kibuye

Narudi na jibu. Nilimwambia. Hakushangaa, shemeji ulisema kweli. Jana alinisindikiza mpaka steji, akasimama pale mpaka boda ikaondoka.

Pikipiki nyekundu ilikuwepo. Mwenyewe ndiye anayemimina chai. Wengine kawajazia vikombe, mimi akanimiminia nusu. Nikawaza, hata hapa kuna ubaguzi? Kukipokea, mkono ukaanza ule mchezo wake, chai ikacheza ndani ya kikombe huku na huku. Haikumwagika. Kumtazama, ameshafika kwa mtu wa tatu na birika lake.

Nilitaja jina, nikapitisha. Mzee mmoja alianza kwa Kiswahili, alipofika kwa habari ya mwanawe akahamia Dholuo na hakurudi.

Tukitoka jirani akanifuata nje. Nikajua sasa mahubiri. Akaniambia keria imeanza kulegea, atapita lini? Nikamwambia Alhamisi, kabla ya mkutano.