Tupeane uzoefu: ulianza lini kuwa na mashaka na habari za Mungu, na nyumbani wanajua?

Mleta mada: Jana kwenye daladala ya Uyole kapanda mhubiri. Gari zima "amina", mimi kimya. Mama wa jirani akaniangalia kama nimemwibia mkoba. Mliokulia Moravian, Kilutheri, Katoliki, msikitini, shukeni.

Mtoto wa Rungwe: Umenikumbusha mbali. Mzee alifariki mwezi wa nne, mvua za Tukuyu mnazijua. Jeneza liko sebuleni, kaburi linajaa maji, mzee wa kanisa kakaa kwenye mkeka na daftari: "Marehemu anadaiwa bahasha tatu za ahadi." Analamba kidole, anafunua, analamba tena. Mimi nilikuwa na mwaka wa sita siamini kitu, sijamwambia mtu. Kaburini ikatangazwa mtoto mkubwa ataomba. Nikafungua mdomo, neno hakuna. Tope linaingia kwenye kiatu. Mwisho nikasema "Ndaga, tata," yaani asante, baba, kwa Kinyakyusa. Basi. Umati wote: "Amina!" Mama mpaka leo anasifia lile ombi.

Mama Parachichi: Nimelia hapa Njombe, ugali umeungua.

Kamwene: Kwa hiyo mkanamungu kamili.

Ticha: Si lazima. Kukana ni kitu kimoja, kusema sijui ni kingine. Hao wa sijui Mwingereza Thomas Huxley aliwatungia jina la agnostiki, 1869.

Kamwene: Huxley hakuwahi kupeleka posa Makete. Wanauliza ukoo, wanauliza kanisa. Ukijibu "sijui" unarudi na mbuzi wako.

Ticha: Sensa yenyewe haijauliza dini tangu 1967, sembuse mkwe?

Kamwene: Karani wa sensa hatoi binti.

Babu Kijana: Mnachanganya mambo. Jina Kyala, yaani Mungu kwa Kinyakyusa, lilikuwepo kabla wamisionari hawajafika Rungwe 1891. Dogo umemwacha Kyala au umemwacha mwenye daftari?

Mtoto wa Rungwe: Hilo ndilo linaloninyima usingizi, babu. Kuna siku nasema vyote viwili, kuna siku sijui.

Dada wa Kwaya: Funga siku tatu, utarudi.

Fundi Mafinga: Asifunge, na baridi hii! Ila mama usimwambie.

Mama Parachichi: Mwambie. Wangu nilipomwambia alisema "nilishajua, kula."

Mpita Njia: Jamani, zile bahasha tatu zililipwa?

Kamwene: Hata mimi nasubiri hapo.

Mtoto wa Rungwe: Nililipa palepale mkekani. Risiti wameandika jina la marehemu.