Waojibwe waliocheza ngoma mbele ya wafalme wa Ulaya: walijidhalilisha au walikuwa wanatafuta chao?

Mleta mada:

Wadau, habari za muda huu. Kuna hoja nakutana nayo sana kwamba wale wenyeji wa Amerika Kaskazini waliovuka bahari miaka ya 1840 kwenda kuwachezea ngoma wazungu waliuza utu wao, na kuna jamaa alienda mbali akasema waliokwenda kwa hiari ndio wabaya kuliko hata waliodanganywa. Mimi sikubaliani kabisa, naweka hoja zangu hapa, anayebisha abishe ila tubishane kwa mambo yaliyotokea.

Chukua mtu mmoja, Maungwudaus, jina la kanisani George Henry. Ni Mwojibwe wa kundi la Mississauga, upande wa kaskazini wa Ziwa Ontario, Kanada ya leo. Huyu hakuokotwa porini na promota. Alikuwa Mmethodisti, mkalimani wa misheni, Kiingereza anaongea na anaandika vizuri tu. Baadaye akaachana na wamisheni, akakusanya mke wake, watoto na ndugu zake wengine, wakaunda kundi lao wenyewe, wakavuka. Wakacheza Uingereza, 1845 wakaingia Paris wakaungana na George Catlin, yule mchoraji Mmarekani aliyekuwa anazunguka Ulaya na picha zake za wenyeji wa Amerika. Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa akawaita kwenye jumba lake la Saint-Cloud, wakapiga kasia mtumbwi wao wa gome la mti kwenye maji ya bustani ya kifalme, familia nzima ya mfalme imesimama inaangalia.

Sasa hapo ndipo wengi wanaishia, wanaona mfalme anatazama na mtu mwenye manyoya anachezeshwa, basi kesi imekwisha. Lakini jamani na yeye Maungwudaus alikuwa anatazama! Alirudi akachapisha kijitabu Boston mwaka 1848 na humo anawaeleza Waingereza kama vile wao ndio kabila la ajabu. Anasema watu wa London ni wengi kama mbu wa kiangazi kule kwao na wanaumana ili wapate riziki. Maofisa wenye masharubu anawaona kama wamebandikwa mikia ya kuchakuro weusi huku na huku, wanywa mvinyo na brandi pua zimewaiva kama matunda, na wanawake wa Kiingereza anashangaa hawawezi kutembea peke yao mpaka washikwe mkono na mwanaume. Mtu aliyeuza utu wake anaandika hivyo? Huyo ni mtu aliyeingia kwa watu macho yakiwa wazi, akalipwa, akaenda kuwasimulia wengine alichokiona. Nasimama na Maungwudaus.

Kasia la Mwisho:

Mkuu umeandika vizuri ila umemficha mtu muhimu. Maungwudaus alikuwa na kaka yake wa mama mmoja, Peter Jones, jina la kwao Kahkewaquonaby, mchungaji wa Methodisti. Huyo alikwenda Uingereza mara 3 na hakwenda kucheza. Mara ya kwanza 1831 kuchangisha hela za misheni, akaonana na Mfalme William wa Nne. Mara ya pili alienda kwa sababu gavana Francis Bond Head alikuwa anataka kuwahamisha Waojibwe awapeleke Kisiwa cha Manitoulin, mawe matupu kule Ziwa Huron, ili ardhi yao nzuri wapewe walowezi. Jones akabeba ombi la watu wake mpaka Windsor, kwenye kasri la kifalme la Uingereza, Septemba 1838, akamkabidhi Malkia Victoria mkononi, wanaomba hati za ardhi yao basi, hawaombi kingine.

Halafu 1845 yuko tena Uingereza na Scotland anatafuta hela za kujenga shule, na kipindi hicho hicho mdogo wake anacheza ngoma ya vita kwenye kumbi za Ulaya kwa kiingilio. Wewe ungekuwa Jones ungejisikiaje? Unajitahidi kuwaonyesha wakubwa kwamba watu wako wanalima, wanasoma, wanastahili hati, huku mtaa wa pili bango linatangaza washenzi wa msituni. Jones hakupenda yale maonyesho na mimi nasema alikuwa sahihi. Kila aliyelipa kiingilio alitoka pale anaamini hawa ni watu wa kuwinda na kurukaruka, na mtu wa kuwinda na kurukaruka nani atampa hati?

Mleta mada:

Kasia nimekusoma, na Jones namheshimu sana. Ila kaitafute picha yake aliyopigwa Edinburgh mwaka huo huo wa 1845 na wale wapiga picha Hill na Adamson, ni kati ya picha za mwanzo kabisa za kamera za mwenyeji wa Amerika Kaskazini ambazo bado zipo. Kavaa ngozi ya paa kuanzia juu mpaka chini. Na zipo alizopigwa kavaa kama mchungaji yeyote wa Kizungu, suti nyeusi, ila zinazosambazwa mara nyingi ni zile za ngozi. Jones alikuwa akienda kuhubiri wanatangaza kwamba atavaa mavazi ya asili, maana bila hivyo watu hawajai na sadaka haijai, na alimwandikia mkewe Eliza kwamba anayachukia yale mavazi. Mkewe mwenyewe Mwingereza wa London, ndiye wa kuandikiwa hayo maneno.

Kwa hiyo hawa ndugu wawili wote walivaa ngozi, wote wakasimama mbele ya wazungu wale wale, mmoja anakusanya sadaka mwingine kiingilio. Tofauti ipo na siikatai, lakini aliyeweka masharti kwamba Mwojibwe hasikilizwi mpaka avae ngozi ni yule aliyekaa kwenye kiti. Na zile hati mkuu? Malkia alipokea ombi, waziri wa makoloni Lord Glenelg akaunga mkono, kule Kanada maofisa wakakalia. Hazikutoka. 1847 watu wa Jones wakayahama makazi yao ya Credit River, wakaenda kukaa kwenye ardhi waliyopewa na jirani zao wa Mataifa Sita, muungano wa makabila ya Iroquois, yaani mwenyeji mwenzao ndiye aliyewapa pa kukaa. Sasa usiniambie ngoma ya Maungwudaus ndiyo iliyozuia hati, wakati ombi lilipelekwa 1838 na yeye hata hajavuka bahari.

Bibi Shamba:

Ninyi wanaume mnabishana mavazi na kijitabu, mimi naomba tuongelee watoto. Lile kundi lilipofika Ubelgiji likapigwa na ndui, wengine wakafia huko. Wakarudi Uingereza wakaendelea kuzunguka na maonyesho. Watoto 2 wa Maungwudaus wakafa Glasgow, mwingine Edinburgh, na mwisho mke wake Hannah akafa Newark, mji wa Uingereza, wakamzika karibu na kanisa la pale kwa sababu mchungaji wa pale aliwaonea huruma. Yote ameyaandika yeye mwenyewe kwenye hicho hicho kijitabu mnachokisifia, kwa sentensi fupi tu, halafu anaendelea na safari. Mimi nikifika pale kwenye Newark nashindwa kuendelea. Mama yule kavuka bahari na wanawe, amezika watatu kwenye baridi ya ugenini, na yeye akazikwa kwa watu asiowajua. Leo wewe mleta mada unaniambia alilipwa na macho yalikuwa wazi. Macho ya nani?

Na msimwache Catlin pembeni kama mchoraji tu mwema. 1843 alipokea Waojibwe 9 walioletwa na promota Arthur Rankin, wakapelekwa Windsor kwa Malkia Victoria mwezi wa 12, baada ya hapo kiingilio Egyptian Hall, ukumbi wa maonyesho London, kila siku. Mkalimani wao, Cadotte, akapendana na binti wa Kiingereza, wakaoana kanisani London 1844, na harusi ya watu Rankin akaigeuza tangazo la biashara. Kwenye mazingira kama hayo neno hiari mnalitumia kwa wepesi mno.

Kasia la Mwisho:

Bibi nakuunga mkono hapo. Na ngoja niongeze kitu. Charles Dickens, yule mwandishi ambaye watu wanamsifia kwa kuwahurumia maskini, aliwaona hao Waojibwe London na mwaka 1853 akaandika makala ya kuwadharau, anatamani watu wa aina hiyo waishe duniani. Hayo ndiyo matunda ya maonyesho, mkuu.

Mleta mada:

Bibi Shamba, vile vifo nimevisoma na vinaniumiza, na simtoi Maungwudaus kwenye lawama ya baba aliyeendelea na ziara wakati watoto wanaugua. Hilo ni lake, alibebe. Ninachokataa ni kulichukua hilo kaburi la Newark na kulitumia kuthibitisha kwamba hakuwa na akili wala uamuzi. Na Dickens, Kasia, ile dharau yake usiibebeshe wachezaji, mwingine aliangalia watu wale wale na akawafungulia uwanja wa kanisa kuzika wafu wao.

Tena naomba mumkumbuke Nahnebahwequa, Catherine Sutton, mpwa wa Peter Jones, maana yeye ndiye anayenifanya niwe mkali kwenye huu mjadala. Ardhi ya familia yake karibu na Owen Sound, Kanada, ilipigwa mnada, alipotaka kuinunua akaambiwa Muhindi (ndivyo wazungu walivyowaita wenyeji wa Amerika) haruhusiwi kununua, alipodai malipo ya kila mwaka ya watu wake akaambiwa hastahili kwa sababu ameolewa na mzungu. Yaani kwenye ardhi ni Muhindi, kwenye hela siyo Muhindi! Akapanda meli akiwa mjamzito, Waquaker, dhehebu la Kikristo, wakampokea London, tarehe 19 Juni 1860 akasimama mbele ya Victoria akaeleza kwa Kiingereza chake mwenyewe, na mtoto akamzalia huko huko. Hakucheza ngoma wala hakuuza tiketi, alifanya kila kitu ambacho Kasia anasema Jones alikuwa anakipigania.

Akapata nini? Familia yake mwishowe ikaruhusiwa kuinunua tena ardhi yao, kuinunua kwa hela yao, na watu wengine aliowasemea hawakupata kitu. Na mwaka ule ule wa 1860 London ikakabidhi mambo yote ya wenyeji kwa serikali ya Kanada, wale wale waliokuwa wanapiga mnada. Kwa hiyo kabla ya kurudi kumhukumu aliyecheza, anayesema ngoma ndiyo iliyowaponza aje na jibu moja tu: huyu mama ambaye hakucheza, mbona watu wake nao walirudi mikono mitupu?