Seva ya wanafunzi: SELinux, AppArmor au kubana kerneli kwa sysctl?

mzee_wa_seva: Wakuu, nina seva ya Debian 12. Wanafunzi wanaingia kwa SSH kufanya mazoezi ya C. Sitaki mjanja mmoja ajipandishe hadi root (msimamizi mwenye mamlaka yote). Nianze na ipi kati ya hizo tatu: SELinux au AppArmor (za kuweka mipaka ya kinachoruhusiwa), au sysctl (mipangilio ya kerneli, kiini cha mfumo)?

kipanga: Sysctl, mkuu. AppArmor ya Debian hubana programu zenye profaili (orodha ya ruhusa zake), haimbani mtu. Mwanafunzi akikompaili kitu chake kwenye home, hakuna profaili inayomgusa. Weka:

kernel.unprivileged_bpf_disabled=1
kernel.kptr_restrict=2
kernel.dmesg_restrict=1
user.max_user_namespaces=0

Ya mwisho ndiyo nzito. Neimuspesi ya mtumiaji (eneo lililotengwa ndani ya mfumo) humfanya mtu wa kawaida awe root wa bandia ndani ya eneo lake, na kwa cheo hicho anafikia sehemu za kerneli ambazo asingezigusa. Udhaifu CVE-2024-1086 wa nf_tables (kichujio cha mtandao ndani ya kerneli) ulipitia humo.

Neema_T: Ila Podman (ya kuendesha kontena) isiyo na root itakufa.

kipanga: Mazoezi ya C yanahitaji kontena za nini?

mwana_fedora: Mnaishia nusu. Dirty Pipe, udhaifu wa kerneli wa 2022, haikuhitaji neimuspesi wala bpf (programu ndogo zinazoingizwa ndani ya kerneli). Ukiweza kusoma faili tu, unaandika juu ya nakala yake iliyo kwenye kumbukumbu, hata kama ni /etc/passwd (orodha ya watumiaji). Hizo sysctl zote zisingefua dafu. Dawa ilikuwa kusasisha kerneli na kuriboti. Watu wanasahau kuriboti, uname -r, inayoonyesha kerneli inayotumika, inawaumbua. SELinux walau ina user_u (cheo cha mtumiaji wa kawaida): ukimweka mwanafunzi humo, su na sudo (amri za kupanda hadi root) hazipati. Lakini kuisimika kwenye Debian ni kazi, sikudanganyi.

kipanga: Na SELinux yenyewe inasimamiwa na kerneli. Kerneli ikishatekwa, inazimwa.

Neema_T: Mnasahau kwamba PwnKit, udhaifu mwingine wa kujipandisha hadi root, haikuwa ya kerneli kabisa. Ilikuwa kwenye pkexec (programu ya kuendesha amri kama root) tangu 2009, ikaja kujulikana 2022. Mzee, endesha `find / -xdev -perm -4000 -type f`, kisha uondoe biti ya setuid (inayoendesha programu kwa mamlaka ya mwenye faili) kwa kila usichokitumia. Kwangu hii ingetangulia hata sysctl.

mzee_wa_seva: Nimewaelewa. Nasasisha na kuriboti leo usiku, kisha setuid, kisha sysctl. SELinux ingoje. Vipi kernel.yama.ptrace_scope (nani anaruhusiwa kuchunguza programu inayoendeshwa), niweke 2?

kipanga: Weka 1. Ukiweka 2, gdb yao (ya kutafuta makosa) haitaendesha hata programu waliyoiandika wenyewe.