Fundi kaziba bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa tepu ya mabomba, halafu anataka nimwambie ASANTE

Wakuu, hasira nilizonazo hata chai haipiti.

Yule fundi wa chini ya mwembe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo nikasema nimwage oili mwenyewe nyumbani. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ, spana namba 14, kazi ya nusu saa. Bolti inazunguka tu, haitoki! Nimeizungusha mpaka adhana ya alasiri. Ikabidi nichomeke bisibisi nyuma ya kichwa chake, nabinua huku nazungusha. Imetoka na nyuzi za sampu (ile mikato ya chuma inayoshika bolti) zimejiviringisha juu yake kama springi ya kalamu. Katikati ya hizo nyuzi, tepu nyeupe. Ile ya mabomba ya maji!

Yaani hizo nyuzi aliziua yeye mwezi wa tatu, alipochomeka bomba la mita nzima kwenye spana akaning'inia. Akajua, akaficha, hela akachukua.

Nimepanda bodaboda bolti mkononi, nikamwonyesha mbele ya wateja wake. Kanijibu: "Hiyo tepu imekuvusha miezi mitatu, ungesema asante."

Asante! Bolti inayotaka kukazwa kwa kiasi tu, yeye kaikaza kama geti la gereza, halafu niseme asante! Kwa tepu!

Mkaza_Nati: Sasa mkuu hiyo ni IST au simtanki?

Mleta uzi: Usinitanie. Gari iko juu ya stendi, kesho watoto wanakwenda shule kwa miguu. Na mtu anadai asante!

Grisi_Mkononi: Sampu ya chini ya 1NZ ni bati, inafunguka peke yake. Ifungue, piga tapu (chuma cha kukata nyuzi mpya) uweke bolti nene kidogo, au tafuta sampu nyingine. Tapu ipake grisi ishike unga wa chuma, usiingie kwenye injini. Na washa, ile ringi ya bolti, weka mpya.

Bibi_Barafu: Afadhali wewe. Wangu wa friji kajaza gesi mara tatu, tundu hajaziba. Samaki wote nimegawa kwa majirani.

Mleta uzi: Jamani, tepu ya bomba kwenye injini!

Mama_Vitenge: Friji si kitu. Fundi cherehani kanishonea gauni la harusi ya mdogo wangu, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Kaniambia nikunje.

Mkaza_Nati: Dada, ni yule wa karibu na kituo cha daladala? Suruali yangu iko kwake toka Idi.

Mama_Vitenge: Huyohuyo! Wahi, kahamisha cherehani jana usiku.