Msaada: maktaba ya chuo cha afya inamsaidia nini mtu aliyeko mkoani?

nesi_wa_Sumbawanga

Habari za jioni wakuu. Mimi ni nesi, nasoma masters ya afya ya jamii chuo kimoja cha Dar ila mwaka huu wa pili nimerudi kituoni kwangu Sumbawanga, ruhusa ya kazini iliisha na data zenyewe nazikusanyia hukuhuku. Propozo yangu inahusu wajawazito na vidonge vya damu, yani mama anapewa kliniki, anashukuru vizuri kabisa, akifika nyumbani anavitupia kabatini mpaka anajifungua. Nataka kujua kwa nini.

Sasa supavaiza kanirudishia kwa mara ya pili, kaandika pembeni "maandiko uliyotumia yamezeeka, nenda maktaba". Maktaba ipi sasa jamani, toka hapa mpaka Dar ni siku nzima ya basi na mgongo unabaki njiani. Nikiingia Google napata makala nzuri kabisa, kichwa cha habari utadhani kaniandikia mimi, nikibonyeza wanataka dola 30 na kitu kwa makala MOJA. Nazozihitaji ni kama ishirini. Piga hesabu mwenyewe, hiyo si ada ya mtoto?

Na nikisema ukweli wa Mungu maktaba ya chuo nimeingia mara mbili tu, zote nilifuata AC na soketi ya kuchajia simu. Nilichokiona ni vitabu vya anatomia vimechoka na watu wamelala juu yake. Kuna kitu pale sikukiona? Msinicheke.

Bwax_wa_Upanga

AC nayo ni huduma dada usiidharau 😂 mimi nimemaliza digrii nzima kwa ile AC

Ila siriasi, si uingie tu kule kwa yule binti wa Kazakhstan, Sci-Hub, unabandika namba ya makala inashuka bure. Watu tumeandikia tasnifu zetu kule na hatujafa

mkutubi_wa_zamu

Dada pole na hongera, mada yako ni ya maana sana. Nimekaa kwenye maktaba ya chuo cha afya miaka 14 kwahiyo ngoja nikujibu kwa urefu, naomba uvumilivu.

Kwanza ndugu yangu Bwax, hiyo njia siyo halali, na hata tukiweka sheria pembeni haimfai huyu dada. Kule tangu mwisho wa 2020 makala mpya zimekuwa za kubahatisha, na supavaiza wake kashasema maandiko yamezeeka. Atamletea ya 2016 tena?

Sasa dada, kitu usichokiona pale kinaitwa Hinari. Ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa wa majarida, kwamba taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Sisi Tanzania tuko kwenye kundi la bure. Siku hizi unaingilia kwenye portali inaitwa Research4Life, humo mna ya afya, ya kilimo, ya mazingira, yote sehemu moja. Hizo makala zako za dola 30 nyingi zimo humo.

Tatizo lake ni moja na ndilo linawapoteza watu. Anayesajiliwa ni TAASISI, mtu binafsi hasajiliwi. Jina la kuingilia na paswadi anakaa nayo mkutubi. Ukiandikia maktaba ya chuo chako kwa imeili ya chuo, useme wewe nani, namba ya usajili, programu unayosoma, watakupa. Huna haja ya kupanda basi. Kosa la pili, na hili nalikuta kila wiki, mtu kapewa paswadi halafu anarudi Google anabonyeza makala ileile, wanamdai dola zilezile, anapiga simu maktaba kwa hasira anasema Hinari ni uongo. Lazima UINGIE kwanza kwenye portali, halafu jarida ulifungue kwa kupitia humo ndani, ndo mchapishaji anakutambua kwamba umetokea kwenye taasisi iliyosajiliwa. Ukipita mlango wa mbele unahesabika mteja kama wateja wengine.

Siyo kila jarida litafunguka, nisikudanganye. Wapo wachapishaji wanaofungia baadhi ya nchi. Likikataa mwambie mkutubi, kuna njia nyingine, na iliyo rahisi kuliko zote ni kumwandikia mwandishi mwenyewe. Imeili yake ipo ukurasa wa kwanza wa muhtasari. Mistari mitatu tu ya adabu. Wengi wanatuma siku hiyohiyo, tena wanafurahi kwamba kuna mtu Sumbawanga anawasoma.

mzee_wa_bando

mkuu basi tuwekee hapa hiyo paswadi tujisevie wote tuna shida

mkutubi_wa_zamu

Hahaha hapana mzee. Paswadi ikianikwa watu wanaanza kushusha majarida mazima kwa programu, mchapishaji anaona makala mia tano ndani ya saa moja anaifunga taasisi nzima. Hapo wanafunzi wote na madaktari wa wodini wanakaa gizani mpaka tuandikiane barua za kuomba msamaha. Nilishawahi kuziandika hizo barua, sina hamu.

Kama unafanya kazi hospitali au chuo cha uuguzi waulize wenyewe kama wamesajiliwa, maana hospitali nazo zinaruhusiwa, ila nyingi zimesajiliwa na aliyesajili kahama kituo kaondoka na paswadi kichwani.

Dr_Mtarajiwa

Dada mimi nakupa ushauri wa mtu aliyeungua. Muhula uliopita nilikuwa na haraka nikaiambia akili bandia initafutie marejeo kuhusu presha ya wajawazito. Ikanipa kumi na mbili, safi kabisa, majina ya waandishi, mwaka, jarida, kurasa, mpaka namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni. Nikabandika. Nikapeleka maktaba wanisaidie tu kupanga kwa mtindo wa Vancouver, ule wa namba, yule mama wa kaunta kachukua moja kaitafuta, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu DOI imefunguka inaleta makala ya ufugaji wa samaki. Akavua miwani akaniangalia. Sitaisahau ile miwani.

Kati ya 12, tano hazikuwepo duniani. Na zingine zipo ila zinasema kitu tofauti na nilichoandika mimi. Itumie kusahihishia Kiingereza chako sawa, ila marejeo yafungue mwenyewe moja moja

Bwax_wa_Upanga

Ufugaji wa samaki 😂😂😂 si ungeacha tu, wajawazito wanahitaji protini

nesi_wa_Sumbawanga

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Asanteni sana, mkutubi Mungu akuzidishie. Nimeandikia maktaba ya chuo jana saa nne usiku, leo saa tatu asubuhi nimejibiwa na paswadi nimepewa na dada mmoja mpole hadi nikaona aibu kwa miaka yote niliyokuwa nawadhania walinzi wa viti. Imefunguka kweli. Ila sasa nimeingia PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, naandika sentensi yangu nzima kwa Kiingereza, kwa nini wajawazito Tanzania hawamezi vidonge vya madini chuma, naletewa makala mbili na moja ni ya ng'ombe. Nikipunguza maneno naletewa elfu kumi na kitu. Nakosea wapi?

mkutubi_wa_zamu

Ng'ombe nao wanapungukiwa damu dada. PubMed usiongee nayo kama unaongea na mtu. Ina zaidi ya makala milioni 35 mle, ukiipa sentensi inatafuta makala yenye maneno yako yote kwa pamoja, inayokosa neno moja inatupwa.

Fanya hivi, chukua karatasi, vunja swali lako vipande. Wewe una vinne: wajawazito, madini chuma, kumeza au kutomeza, Tanzania. Kila kipande kiandikie visawe vyake kwa Kiingereza, kwa mfano cha kutomeza kuna wanaoandika adherence na wengine wanaandika compliance, ukitafuta moja umewakosa wenzake. Visawe unaviunganisha kwa OR, vipande kwa vipande unaunganisha kwa AND, na hizo herufi ziwe kubwa, ukiandika kwa herufi ndogo haielewi kwamba unaiagiza. Kila kipande kitafute peke yake kwanza, halafu nenda sehemu ya Advanced utakuta historia yako yote ya kutafuta, hapo unaviunganisha kama mabehewa.

Kitu kingine kuna kamusi inaitwa MeSH, ipo toka 1960. Wale jamaa wa maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani makala nyingi mle wanazigongea muhuri wa maneno ya kamusi hiyo. Ndo maana ukiandika anaemia kwa Kiingereza cha Uingereza inakuletea na za walioandika anemia, inatafsiri yenyewe kimyakimya. ILA ukiweka alama za nukuu inaacha kutafsiri, inatafuta kama ulivyoandika basi. Wanafunzi wengi wanapenda nukuu sijui nani aliwafundisha.

Upande wa kushoto kuna vichujio, chuja miaka mitano au kumi ya karibuni supavaiza apoe roho. Ukipata matokeo unayoyapenda fungua akaunti pale uombe wakutumie imeili kila wiki makala mpya zikitoka za mada hiyo. Hii hawaitumii kabisa watu na ni bure.

Halafu usiishie PubMed. Mambo yetu mengi hayamo mle. Pita AJOL, ile ya majarida ya Afrika, ilianza 1998 na siku hizi wako Afrika Kusini, humo utapata mpaka Tanzania Journal of Health Research la NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba. Pita hazina ya tasnifu ya MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, iko wazi mtandaoni, kuna watu wameshauliza maswali yanayofanana na lako Temeke na kwingineko, usije ukarudia kazi ya mtu bila kumtaja. Na utangulizi wako usiutolee takwimu kwenye makala ya mtu wa Uhindi, chukua ripoti ya TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa hukuhuku: wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye upungufu wa damu ni asilimia 42, ile ya 2015-16 ilikuwa 45. Imeshuka kidogo sana miaka yote hiyo, hapo tayari una sababu ya kufanya utafiti wako.

mzee_wa_bando

Na kuzipanga je? mimi marejeo naandika kwa mkono kila nikiongeza moja katikati namba zote zinahama nataka kulia

Dr_Mtarajiwa

Zotero mzee, programu ya kupanga marejeo. Bure, inakaa kwenye kompyuta, unabonyeza makala inajisevu, ukiandika kwenye Word inajipanga yenyewe namba zikihama zinahama pamoja. Ile nafasi yao ya bure ya mtandaoni ni MB 300 kwa mafaili ya PDF ila orodha yenyewe haina kikomo, kwahiyo PDF weka kwenye mashine, na nakala kwenye flashi, bando lisife. Maktaba kwetu wanafundisha hiyo kila Alhamisi, mara ya mwisho tulikuwa watu wanne. Wanne! Chuo kizima. Halafu wiki ya kukabidhi tasnifu kuna foleni mpaka ngazini

mkutubi_wa_zamu

Hiyo foleni usinikumbushe.

nesi_wa_Sumbawanga

Mrejesho wakuu. Nimekaa na karatasi kama nilivyoelekezwa, vipande vinne, mabehewa yakaungana, nikapata makala 61, nimesoma mihtasari usiku wa zamu wodi ilipotulia nimebaki na 40. Mbili zilikataa kufunguka nikaandikia waandishi, mmoja kajibu kwa Kiswahili!! kumbe alifanyia utafiti wake Mbeya. Kaniambia akina mama wa kwake wengi walisema vidonge vinanuka chuma na vinawachafua tumbo, na wengine waliogopa mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Hilo la mtoto mkubwa hata mimi nimelisikia kituoni kwangu mara ngapi, sikujua kama linaandikwa.

Sasa nimemtumia supavaiza orodha, kajibu neno moja tu: "Nyingi." Baba huyu ananitafuta nini jamani

mkutubi_wa_zamu

Anakutafuta ukomavu dada. Iandikie maktaba ya chuo uombe nusu saa ya simu ya video na mkutubi wa utafiti, hiyo nayo ni huduma na haina malipo. Kabla ya hapo chora jedwali, kila makala mstari mmoja: wapi, lini, akina mama wangapi, waligundua nini. Zinazosema kitu kilekile zitajionyesha zenyewe. Na wa Mbeya usimtoe hata akikuambia nani.