Ulinganisho: mkataba wa kubadilishana, ufadhili, safari fupi au darasa la mtandaoni, ipi inamfikisha nje mwanafunzi asiye na uwezo?

DaftariWazi (mwanzisha mada)
Habari zenu wanajukwaa. Nipo kwenye kamati ya wanafunzi ya chuo chetu, na uongozi umetuomba pendekezo moja la kuongeza idadi ya wanaokwenda kusoma nje wakiwa bado shahada ya kwanza. Moja tu, maana fungu lenyewe ni dogo. Nimepitia orodha ya waliokwenda miaka mitatu iliyopita na imenisikitisha. Karibu wote ni watoto wa wenye nazo, wa uhandisi na sayansi ni wa kuhesabu, na hakuna hata mmoja anayesoma huku anafanya kazi.

Mezani kuna njia nne. Mkataba wa kubadilishana wanafunzi, unalipa ada kwenu na kule husomi kwa ada nyingine. Mfuko wa ufadhili, mtu achague chuo anachotaka. Safari ya wiki mbili tatu wakati wa likizo, mkiongozwa na mwalimu wenu. Na darasa la pamoja mtandaoni na chuo cha nchi nyingine. Moyo wangu uko kwenye ufadhili, ila sitaki kupeleka kitu kwa sababu tu nimekipenda. Mliopita njia hizi, nisaidieni kupima.

Nanga_na_Tanga
Mkuu, mimi niko ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo kimoja, mwaka wa tisa huu. Nakushauri uanze na mkataba. Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ilianza 1987 ikiwa na nchi 11 na wanafunzi 3,244, na hadi leo nguzo yake ni ileile: chuo mwenyeji hakitozi ada, mwanafunzi anaendelea kulipa kwao kama kawaida. Ada ikishatoka kwenye hesabu, kinachobaki ni nauli na kujikimu, na hapo hata fungu dogo linawafikisha watu wengi. Tangu 2015 vyuo vya nje ya Ulaya navyo vinaingia, ila mwanafunzi haombi peke yake, lazima chuo chake kiwe na mkataba na chuo cha Ulaya. Yaani ofisi ikilala, hata mwenye alama za juu kuliko wote hana pa kupitia.

Ubaya wake nauona kila mwaka. Mikataba mingi ya vyuo viwili inataka wanaotoka walingane na wanaokuja. Ukipokea watatu unatuma watatu. Kuna chuo tulikaa miaka miwili bila kupeleka mtu kwa sababu tulikuwa tumeshapeleka wengi kuliko tuliopokea, na wanafunzi waliokuwa wamejiandaa tukawaambia wasubiri. Wengine walihitimu wakisubiri.

Kipepeo_wa_Maktaba
Aisifuye mvua imemnyea. Mimi nilikwenda kwa ufadhili ambao kwenye karatasi ulilipa kila kitu. Barua ilisema pesa ya kujikimu itaingia "baada ya usajili". Sasa hesabu vilivyo kabla ya usajili: pasipoti, ada ya viza, bima ya afya ya kipindi chote, tiketi ya ndege ambayo ningerudishiwa baadaye, amana ya chumba na kodi ya mwezi wa kwanza. Juu ya hayo, ombi la viza lilitaka taarifa ya benki yenye akiba ya kutosha, na mimi niliomba ufadhili kwa kuwa akiba sina.

Ndugu wanne walinichangia nikaondoka. Kule nilikuwa naandika kila jioni kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari nimebakiwa na kiasi gani. Siku ya 40 niliandika sifuri, nikapiga mstari chini yake. Pesa iliingia wiki ya saba. Mwenzangu aliyepata ufadhili uleule hakuwa na wa kumchangia, hakwenda. Kwenye kumbukumbu za chuo ameandikwa kuwa "alikataa nafasi". Mpaka leo neno hilo linaniuma kuliko ile sifuri.

DaftariWazi, kabla ya kuuliza ufadhili ni kiasi gani, uliza unaingia lini.

Nanga_na_Tanga
Pole sana dada, na asante kwa kuisema wazi. Kuna wafadhili walioliona hili. Turing Scheme ya Uingereza, iliyoanza 2021, inaweza kuwalipia wanafunzi wa familia duni hata pasipoti, viza na bima. Erasmus+, ndilo jina la sasa la Erasmus, nayo huwaongezea wa kundi hilo euro 250 kwa mwezi. Na ufadhili wa Gilman wa Marekani unatoa hadi dola 5,000, lakini kwa wale tu ambao tayari wanapata msaada wa ada wa serikali kuu kwa wasio na uwezo. Hili la mwisho ndilo ningeiga: mtoto wa tajiri haingii kabisa kwenye mchujo huo. Ufadhili ukiachwa wazi kwa wote na kupimwa kwa alama peke yake, mara nyingi unamrudia yuleyule ambaye angejilipia.

Fundi_Mwanafunzi
Naona mnaongelea muhula mzima kana kwamba kila mtu anaweza kufunga begi. Mimi nasoma mchana, usiku nipo kazini, nina mtoto wa miaka minne. Nikiondoka miezi mitano narudi sina kazi. Wiki tatu za likizo naweza kuziomba, na dada yangu anaweza kukaa na mtoto. Kwangu safari fupi ndiyo njia pekee iliyopo. Msiiondoe mezani kwa sababu haifanani na kusoma nje mnakokujua nyinyi.

Mizani_Sawa
Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaki kuipuuza. Nitasema tu nilichokiona. Nilikwenda safari ya aina hiyo, siku 16. Tulikuwa 22, wote wa darasa moja, basi moja, hoteli moja, mwalimu wetu wenyewe ndiye aliyefundisha. Mwenyeji niliyezungumza naye zaidi ya dakika kumi alikuwa dereva. Na ukigawanya gharama kwa siku, ilikuwa ghali kuliko muhula wa mwenzangu aliyekwenda kwa mkataba, kwa sababu nauli ni ileile ukikaa wiki mbili au miezi mitano.

Ila kuna namna ya kuitengeneza. Tangu 2021 Erasmus+ ina mpango wa siku 5 hadi 30 unaounganishwa na masomo ya mtandaoni. Mnaanza kazi na wanafunzi wa vyuo vingine mkiwa makwenu, kisha mnakutana mahali pamoja kuimalizia. Anayefika pale tayari ana watu anaowajua na kazi mkononi. Kwa mtu kama Fundi_Mwanafunzi hiyo ni bora mara kumi kuliko basi letu.

Chaki_Nyeupe
Nimefundisha darasa la pamoja mtandaoni mihula minne na mwalimu wa bara jingine. Mazuri yapo. Waliokuwa na aibu ya lugha walizoea kusikika, na kila muhula nilipata wanafunzi walioomba kwenda nje baada ya hapo, watu ambao mwanzoni hata fomu wasingeichukua. Lakini tofauti ya saa ilitunyanyasa, na wenye intaneti dhaifu walikuwa wanaona nusu ya somo. Ningeomba uongozi usiwahesabu hao kuwa wamesoma nje. Ni maandalizi mazuri, basi.

Jedwali_la_Tatu
Hakuna aliyegusa krediti, yaani pointi za kila somo ulilofaulu zinazohesabiwa kwenye shahada yako, na ndizo zinazotuzuia watu wa uhandisi. Nilikwenda muhula mmoja kwa mkataba mzuri kabisa, ada sikulipa. Nilifaulu masomo matano. Niliporudi idara ilikubali mawili. Somo la mitambo ya vimiminika lilikataliwa kwa kuwa jina halikufanana na la kwetu, wakati kitabu cha kiada kilikuwa kilekile! Nilipeleka muhtasari wa kozi, maswali ya mitihani, hadi ripoti zangu za maabara zenye mihuri. Nikaambiwa ningeuliza kabla ya kuondoka. Nimeongeza mwaka mzima, na ada ya mwaka huo imekula chote nilichookoa.

Kwenye Erasmus kuna mkataba wa masomo unaosainiwa na watatu, mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji, kabla ya safari. Umeandikwa somo kwa somo, muhula ni krediti 30. Aliyefaulu yaliyoandikwa anahesabiwa akirudi. Karatasi ile moja ingeniokolea mwaka.

Nanga_na_Tanga
Hii ni kweli tupu. Na kwa uzoefu wangu anayesaini awe mkuu wa idara. Ofisi yetu ikisaini peke yake, idara inaikana.

DaftariWazi
Nimesoma yote mara mbili, na nimebadili mawazo. Ufadhili peke yake nimeuweka chini, kwa alivyoeleza Kipepeo. Tunapeleka mkataba wa kubadilishana, wenye masharti mawili ndani yake. Kwanza, hakuna anayeondoka bila karatasi ya krediti iliyosainiwa na idara. Pili, fungu lililopo liwe la kulipia mapema viza, bima, tiketi na amana ya chumba, kwa wasio na uwezo pekee. Kuhusu Fundi_Mwanafunzi, nitaomba sehemu ya nafasi ziwe za wiki chache zilizounganishwa na mtandao. Sijui kama zitapita, ila nitazipigania. Swali moja limebaki: pesa hiyo ya mapema tuiite mkopo wa kurudishwa baadaye, au tuitoe moja kwa moja?

Kipepeo_wa_Maktaba
Itoeni. Mkiita mkopo, yule mwenzangu angeogopa kuusaini, na angebaki tena.

Jedwali_la_Tatu
Naunga mkono. Na hiyo karatasi ya krediti naweza kukuandikia rasimu, nina masomo matano ya mfano. Nitumie faragha leo jioni.